Kuchagua DAC kwa amplifaya ya zamani: uchambuzi wa kisa cha sebule moja mjini Tanga

Kisa hiki kinamhusu mwalimu mstaafu wa hisabati anayeishi mjini Tanga, ambaye alitaka ushauri juu ya DAC ya kununua, yaani kile chombo kinachopokea sauti ikiwa katika hali ya tarakimu na kuigeuza iwe mkondo wa umeme ambao amplifaya inaweza kuukuza. Fedha alikuwa ameshazitenga, na chombo alichokitamani alikuwa ameshakichagua: DAC ya bei kubwa ambayo mpwa wake anayefanya kazi Muscat alikuwa nayo na kuisifu sana. Alichoomba kwangu ni kuthibitishiwa tu. Naandika kisa chake kwa urefu kwa sababu swali la "ipi ni bora?" halikuweza kupata jibu la maana mpaka vyombo vyote vya sebule ile vilipokaguliwa kwa pamoja, na wengi wanaouliza swali hilohilo wana vyombo vinavyofanana na vyake.

Vyombo vyenyewe vilikuwa hivi. Amplifaya ni ya Kijapani ya miaka ya 1980, ya mtumba, iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kwenyewe na hivyo hutumia umeme wa volti 100. Imeunganishwa kupitia transfoma ya kushusha umeme, na plagi yake ni ya pini mbili zisizo na ethi. Spika ni mbili, kubwa, za zama hizohizo. Televisheni bapa hupokea picha kutoka king'amuzi cha dishi, na dishi limefungwa kwenye bomba la chuma lililosimikwa ardhini uani. Kuna deki ya DVD ambayo bado inacheza CD vizuri. Muziki mwingi, hata hivyo, umo ndani ya kompyuta mpakato, na hutoka kwa waya mrefu kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye tundu la AUX nyuma ya amplifaya. Televisheni nayo huingia kwenye amplifaya hiyohiyo kwa waya wa kawaida wa RCA wenye vichwa vyekundu na vyeupe.

Malalamiko yalikuwa matatu. Kila kompyuta inapounganishwa, spika huvuma mvumo mzito usiokoma. Juu ya mvumo huo kuna mlio mwembamba unaobadilika kila kipanya kinaposogezwa au faili linapofunguliwa. Tatu, na hili ndilo lililomuuma zaidi, taarab aliyokuwa akiifahamu tangu ujana wake ilisikika kavu, vinanda vikiwa mbali na matoazi yakichakaa kama karatasi. "Fundi," alisema, "naona kompyuta hii haina uwezo wa muziki. Nikipata DAC nzuri yote haya yataondoka." Maelezo hayo si ya kipuuzi hata kidogo. Kila kompyuta na kila simu ina DAC ndani yake, na ile ya kompyuta mpakato imebanwa kwenye bodi moja na prosesa, feni na saketi za kuchaji, ikitumia umeme uleule unaoyumba kadiri kazi inavyobadilika. Ule mlio wa kipanya unatoka hukohuko, na DAC ya nje ni dawa yake halali.

Mvumo mzito, hata hivyo, ni jambo jingine, na kabla ya mtu kutoa fedha ni lazima autenganishe na mlio ule mwembamba. Jaribio la kwanza ni rahisi: kuchomoa chaja na kuiacha kompyuta itumie betri. Mvumo ulikatika papo hapo, ukabaki ule mlio mwembamba peke yake. Kwa watu wengi jaribio hilo lingetosha kuihukumu chaja. Lakini chaja iliporudishwa na badala yake ukachomolewa waya wa RCA wa televisheni nyuma ya amplifaya, mvumo ulikatika vilevile, ingawa kompyuta ilikuwa bado inachaji na bado imeunganishwa. Chombo ambacho hakuna aliyekuwa akikisikiliza kwa wakati ule ndicho kilichokuwa nusu ya tatizo.

Sababu yake inaeleweka mtu akifuata njia ya ethi. Chaja ya kompyuta ile ina pini tatu, na ndani yake upande hasi wa umeme umeunganishwa na ethi ya nyumba. Ganda la nje la waya wa sauti limeunganishwa na upande huohuo hasi. Upande wa pili, ganda la waya wa dishi limeshikana na bomba la chuma lililo ardhini, likapita kwenye king'amuzi, likaingia kwenye televisheni kwa waya wa HDMI, na kutoka hapo likafika kwenye amplifaya kupitia ganda la waya wa RCA. Amplifaya yenyewe haina ethi, lakini matundu yake yote ya nyuma yana ganda la pamoja. Hivyo ethi ya nyumba na ardhi ya uani, ambazo hazina volti sawasawa, zilikutana katikati ya mfumo wa muziki, na mkondo mdogo wa umeme wa hezi 50 pamoja na vigawe vyake, yaani hezi 100, 150 na kuendelea, ukawa unapita ndani ya maganda ya waya za sauti. Mzunguko wa ethi, kama mafundi wanavyouita, hauhitaji mkondo mkubwa ili usikike. Tuchukulie ganda la waya mrefu lina ukinzani wa omu 0.1 na mkondo ni miliampia 10: hiyo ni milivolti 1 inayojumlishwa moja kwa moja kwenye muziki. Amplifaya za zama zile kwa kawaida hufikia nguvu yake yote kwa milivolti 150 tu za kuingia, kwa hiyo milivolti hiyo moja iko desibeli 43 au 44 tu chini ya ukelele wake wa juu kabisa. Katika sebule tulivu usiku mtu ataisikia bila kutega sikio.

Hapo ndipo ilipobainika kwa nini DAC ya mpwa haikuwa imesaidia. Maana chombo kile tayari kilikuwa kimefika Tanga. Mpwa alikuja nacho likizo, kikaunganishwa kwa USB, na mvumo ukabaki palepale. Mwalimu alikuwa amekwisha kuliona hilo, lakini imani yake kwa DAC ile haikupungua. Waya wa USB hubeba ganda la ethi kama waya mwingine wowote wa shaba. Kompyuta ilikuwa bado imeshikana na ethi ya nyumba, televisheni ilikuwa bado imeshikana na dishi, na kuweka katikati yao chombo bora kuliko vyote duniani kusingebadilisha njia ya mkondo ule hata kidogo. Mlio wa kipanya ndio uliotoweka, kama ilivyotarajiwa, lakini ulikuwa umefunikwa na mvumo kiasi kwamba hakuna aliyetambua kuwa umekwisha.

Naomba kusisitiza hapa jambo moja la usalama, kwa sababu ni ushauri unaotolewa kwa wepesi mno mitaani. Mwalimu alikuwa ameshaambiwa aikate pini ya ethi ya chaja, au atumie adapta inayoiruka. Mvumo ungekatika kweli. Lakini pini ile ipo ili siku insulesheni ya ndani ikipasuka umeme ushuke ardhini na kukata fyuzi au brekari, badala ya kumsubiri mtu ashike ganda la chuma. Nyumba ile ina wajukuu wanaocheza nyuma ya kabati la televisheni. Hakuna muziki unaostahili gharama hiyo, wala hakuna haja ya kufika huko, kwa kuwa mzunguko wa ethi unaweza kukatwa mahali pasipo na hatari.

Mahali penyewe ni waya wa sauti wa televisheni. Televisheni bapa nyingi zina tundu dogo la mwanga, lenye mlango mdogo au kifuniko, ambalo hutoa sauti ya tarakimu kwa njia ya miale myekundu ndani ya uzi wa plastiki. Teknolojia hiyo ililetwa na kampuni ya Toshiba mwaka 1983 na inatumika mpaka leo. Plastiki haipitishi umeme. Sauti ya televisheni ikienda kwenye DAC kwa waya wa mwanga, ardhi ya uani na ethi ya nyumba hazikutani tena, na hata kompyuta ikibaki imeunganishwa kwa USB na chaja yake ya pini tatu, mfumo mzima unakuwa na ethi moja tu. Kwa hiyo sharti la kwanza la DAC ya nyumba ile halikuhusu kompyuta kabisa, wala ubora wa sauti kwa maana ya kawaida: ni lazima iwe na tundu la mwanga pamoja na la USB, na iweze kubadilishwa kutoka moja kwenda jingine bila mtu kuchomoa waya.

Sharti la pili lilitokana na swali ambalo mwalimu hakuliona kuwa la kiufundi. Nilimuuliza nani hutumia televisheni zaidi, akasema ni mama wa nyumba, ambaye hufuatilia taarifa ya habari na tamthilia, naye huongeza na kupunguza sauti kwa rimoti. Tundu la mwanga la televisheni nyingi hutoa sauti ya kiwango kimoja kisichobadilika. Rimoti ya televisheni haiigusi. Amplifaya ya mwaka ule haina rimoti. DAC isiyo na rimoti na udhibiti wa sauti ingemlazimu mama ainuke kila tangazo linapopiga kelele, na chombo kinachomsumbua mwenye nyumba hakikai sebuleni muda mrefu, hata kikisifiwa namna gani.

Udhibiti huo wa sauti una faida nyingine inayohusu amplifaya yenyewe. DAC za mezani kwa desturi hutoa volti 2 kwa sauti ya juu kabisa, kiwango kilichozoeleka tangu enzi za deki za CD. Amplifaya inayoridhika na milivolti 150 ikipewa volti 2 inakuwa imezidishiwa kwa desibeli 22 na zaidi, na matokeo yake ni kwamba kitufe cha sauti kikisogezwa kidogo tu kutoka chini, nyumba inatikisika. Mwalimu alikuwa amezoea kusikiliza kitufe kikiwa kati. Isitoshe, vitufe vya zamani vina kasoro hapo chini kabisa ambapo upande wa kushoto na wa kulia havilingani, na mwimbaji husikika amesogea upande mmoja. DAC ikipunguzwa kwa desibeli 12 hutoa kama volti 0.5, na kitufe kinarudi mahali pake pa kawaida.

Wapo wanaoogopa kwamba kupunguza sauti katika tarakimu kunakula ubora. Hofu hiyo ilikuwa na msingi zamani, vyombo vilipokuwa vya biti 16 tu. DAC ya kisasa hufanya hesabu kwa biti 24 au zaidi, na muziki wa CD una biti 16, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha chini yake. Kinachobaki ni kelele ya chombo chenyewe. DAC ambayo kelele yake iko desibeli 115 chini ya volti 2 hutoa kelele ya takriban maikrovolti 3.6; ukiilinganisha na milivolti 150 za amplifaya ile, kelele hiyo iko desibeli 92 chini ya nguvu kamili, yaani chini sana kuliko mchakacho wa amplifaya yenyewe. Mwalimu alichukua kalamu akazifanya hesabu hizi mwenyewe kwa logarithimu, na nadhani kurasa zile mbili za daftari zilimshawishi kuliko maneno yangu yote.

Baada ya masharti hayo orodha ilikuwa fupi. Kidude kidogo cha Apple kinachogeuza tundu la USB-C kuwa la hedifoni, ambacho Marekani huuzwa dola 9, kina sauti safi mno kwa bei yake na kingetosha kabisa kuondoa mlio wa kipanya, lakini hakina tundu la mwanga. FiiO D03K ina tundu la mwanga na la RCA la tarakimu, ni ya bei nafuu na imara, lakini haina udhibiti wa sauti wala rimoti. Modi ya kampuni ya Schiit ya Marekani ina matundu yote matatu, lakini sauti yake ni ya volti 2 isiyobadilika. Topping E30, iliyotoka mwaka 2020, ina USB, mwanga na RCA ya tarakimu, ina rimoti, na sauti yake inaweza kupunguzwa au kuachwa kamili. Ilipotoka iliuzwa karibu dola 130. DAC ya mpwa ilikuwa na matundu yote na vipimo vizuri, lakini rimoti haina, na bei yake ilikuwa mara kadhaa ya E30. Kwa masharti ya sebule ile uamuzi ulikuwa umeshajifanya wenyewe, isipokuwa kwa jambo moja ambalo mwalimu hakutaka lipite hivihivi, nami niliona ana haki: je, ile ya ghali haina sauti nzuri zaidi?

Swali hilo ndilo hutawala mazungumzo ya DAC, na mara nyingi hujibiwa kwa kutaja chipu iliyomo ndani. Wako wanaoapa kwa chipu za kampuni ya ESS, wako wanaoapa kwa zile za kampuni ya AKM, na moto uliounguza kiwanda cha AKM huko Nobeoka, Japani, mwezi Oktoba 2020 ukawafanya wengine wahifadhi vyombo vya zamani kama vito. Baada ya moto huo viwanda kadhaa vililazimika kubadilisha chipu ndani ya vyombo vyao na kuendelea kuuza. Chipu ni sehemu moja tu. Namna umeme unavyotulizwa, saketi ya kutokea inavyopangwa na kichujio kinavyofanya kazi vina uzito uleule, na vyombo viwili vyenye chipu moja huweza kutofautiana kwa vipimo. Lakini tofauti za vipimo si lazima ziwe tofauti za masikio. Upotoshaji wa DAC nzuri ya leo uko kwenye asilimia 0.001 au chini yake, ilhali spika nzuri ikipiga besi kwa nguvu hupotosha asilimia 1 bila mtu kulalamika.

Wenye shaka wamefanya majaribio ya wazi. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society matokeo ya kuwasikilizisha watu muziki wa ubora wa juu kuliko CD, kisha muziki uleule uliopitishwa kwenye biti 16 na kilohezi 44.1, yaani kiwango cha CD. Katika majibu 554, sahihi yalikuwa 276, ambayo ni sawa na kurusha shilingi. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 na kupata kwamba watu kwa jumla walitambua kwa asilimia 52.3, tofauti ndogo lakini ya kweli kitakwimu, na iliyoongezeka kwa waliofunzwa kusikiliza. Matokeo hayo mawili hayapingani sana kama inavyodaiwa. Yanasema kwamba kama tofauti ipo, ni nyembamba, na anayetaka kuilipia ana sababu ya kuhakikisha kwanza kwamba yeye binafsi anaisikia, kwa vyombo vyake, nyumbani kwake.

Kwa hiyo tulifanya hivyo, na namna ya kufanya inafaa kuelezwa kwa ukaribu, kwani jaribio baya ni baya kuliko kutojaribu. Deki ya DVD ilikuwa na tundu la mwanga na tundu la RCA la tarakimu, na yote mawili hutoa sauti kwa wakati mmoja. E30 ya kuazima ilipokea mwanga, DAC ya mpwa ikapokea RCA, moja ikaingia kwenye tundu la CD la amplifaya na nyingine kwenye AUX. Hivyo CD ileile ilikuwa ikicheza kwenye vyombo vyote viwili bila kukatika, na swichi ya amplifaya ikawa ndiyo ya kubadilishia.

Hatua ya kusawazisha sauti ndiyo wengi huiruka. Masikio ya binadamu huiona sauti iliyo juu kidogo kuwa ni safi zaidi, yenye besi zaidi, yenye uhai zaidi, hata tofauti ikiwa ndogo kiasi cha kutotambulika kama ukelele. Ndiyo sababu DAC mpya ya volti 2 ikichukua nafasi ya tundu la hedifoni la volti 1 hushinda kila mara: imeingia na desibeli 6 za bure. Tulicheza mlio wa hezi 200 kutoka CD, tukaweka ncha za mita ya umeme kwenye vituo vya spika, tukasoma volti za AC kwa DAC moja kisha kwa nyingine, na kuipunguza iliyokuwa juu mpaka zikaribiane kadiri hatua za nusu desibeli za rimoti zilivyoruhusu. Kwa bahati njema, tofauti iliyosalia kwenye mita haikuzidi asilimia 1, ambayo ni chini ya desibeli 0.1. Mlio wa hezi 200 ulichaguliwa makusudi, kwa sababu mita za bei rahisi husoma vizuri karibu na hezi 50 na kuanza kudanganya kadiri masafa yanavyopanda.

Mwalimu alikaa kwenye kiti chake akiangalia dirishani. Mjukuu wake, aliyekuwa nyuma kando ya amplifaya, alirusha sarafu kuamua chombo kipi kisikike, akaandika, akabadilisha. Tulikubaliana mapema kwamba mara 16 zitatosha, na kwamba akipata 12 au zaidi tutahesabu kuwa anasikia tofauti, kwa kuwa anayebahatisha hufikia 12 kati ya 16 chini ya mara nne katika kila mia. Alipata 9. Aliomba karatasi, akaipitia mwenyewe mstari kwa mstari, kisha akasema, "Basi mwanangu, fedha yangu haina kazi hapo." Hilo halithibitishi kwamba vyombo vile viwili ni sawa kwa kila mtu. Linathibitisha kwamba mtu huyu, kwa spika hizi, katika chumba hiki chenye sakafu ya saruji na madirisha wazi, hakuweza kuitambua tofauti aliyokuwa tayari kuilipia mara kadhaa zaidi, na kwa ununuzi wake hilo linatosha.

E30 ilinunuliwa. Siku ya kuunganisha, televisheni haikutoa sauti yoyote kupitia waya wa mwanga, na kwa dakika chache ilidhaniwa kuwa tundu limekufa. Sababu ni mpangilio: televisheni ilikuwa imewekwa itoe sauti ya Dolby kwa ajili ya sabufa za spika tano, lugha ambayo DAC ya spika mbili haiielewi. Katika menyu ya sauti, kwenye sehemu ya kutoa sauti ya tarakimu, ikachaguliwa PCM, yaani sauti ya tarakimu isiyobanwa, na king'amuzi nacho kikawekwa vivyo hivyo katika menyu yake. Naamini DAC nyingi hurudishwa dukani kwa sababu hiyo peke yake.

Mvumo umekwisha, chaja ikiwa imechomekwa na televisheni ikiwa imewashwa. Kulikuwa na upande mmoja uliokuwa ukikatika mara kwa mara, jambo ambalo mwalimu pia alikuwa ameihukumia kompyuta. Vichwa vya RCA vilipochomolewa vilikuwa na kutu ya kijani, kama ilivyo kawaida mjini palipo na hewa ya chumvi, na spiriti pamoja na kitambaa vikatosha.

Lalamiko la tatu, la taarab kavu, halikuondoka. DAC isingeweza kuliondoa. Faili nyingi zilikuwa MP3 za kilobiti 128 zilizopita mikononi mwa watu wengi kwa flashi, na zikifunguliwa katika programu inayochora masafa, mchoro unaonekana umekatwa kama kwa wembe karibu na kilohezi 16, na chini yake matoazi yamejaa madoa. Habari iliyotupwa wakati wa kubana faili hairudi. Lakini CD zenyewe za vikundi vya Zanzibar na Tanga zilikuwa bado kabatini, nyingi zikiwa safi, na kazi ya kuzinakili upya kwa FLAC, ambayo haitupi chochote, ndiyo inayoendelea sasa mikononi mwa mjukuu. Kwa rekodi za kale zaidi, kama zile zinazotokana na santuri alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay kuanzia mwaka 1928, hata hilo halitaongeza mengi, kwa sababu kelele ya santuri yenyewe iko juu mno kuliko kelele ya DAC yoyote inayouzwa leo; hapo cha kutafuta ni nakala iliyohamishwa kwa uangalifu kutoka santuri nzuri.

Fedha iliyobaki ilikwenda kwenye spika. Zile pete laini za foamu zinazoshika koni ya besi zilikuwa zimelika na unyevu na umri kiasi cha kupukutika kwa kugusa, na koni moja ilikuwa ikigusa chuma kila besi ilipopanda. Pete mpya zilibandikwa na fundi wa spika wa palepale mjini, na hiyo ndiyo badiliko ambalo kila mtu nyumbani, mama akiwamo, alilisikia bila kuhitaji kurusha sarafu.

Uamuzi huu ungekuwa tofauti kwa hali mbili ninazoweza kuzitaja. Kama televisheni isingekuwa na tundu la mwanga, ningeshauri kifaa cha kutenganisha USB upande wa kompyuta; vile vya bei nafuu hupitisha megabiti 12 kwa sekunde, ambazo zinatosha muziki wa biti 24 na kilohezi 96, ila ni lazima kuhakikisha kwanza kwamba DAC inakubali kufanya kazi kwa mwendo huo, maana si zote zinazokubali. Na kama mwalimu atabadilisha amplifaya apate mpya yenye rimoti, udhibiti wa sauti wa E30 utafungwa kwenye kiwango kamili na kazi hiyo kurudi kwenye amplifaya.